Maji ya Mwadingusha, maji ya Koni: deni lipi lilipwe kwanza?

Mshahara ukitoka Likasi, habari hufika kwa wadai kabla ya fedha kufika nyumbani. Mwenye duka la unga anajua. Jirani aliyetoa gunia la makaa kwa ahadi anajua. Anayekopesha kwa riba alishazihesabu siku tangu wiki iliyopita, na mara nyingi ndiye anayefika mapema kuliko wote. Anayepiga hodi kwanza analipwa kwanza. Anayefuata anapewa kilichobaki. Mpole aliyekaa kwake akisubiri anaombwa avumilie hadi mwezi ujao. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za mji wetu, kuanzia Kikula na Panda hadi kule Koni kwenye mto Lufira, zinavyolipa madeni yao. Tunadhani hatukuchagua, kumbe mlango umetuchagulia.

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee, na hakuna anayebisha. Lakini methali ile inasema juu ya deni moja. Mwenye madeni 5 na fedha ya kulipa 2 ana swali jingine: aanze na lipi, lipi lingoje, na nani aambiwe nini? Uchambuzi huu unazipima njia zinazotumika, ndani na nje ya Katanga, ili kuipata inayoifaa nyumba ambayo kipato chake ni kidogo na hakiji siku zote kwa tarehe yake.

Posho ilipokwisha

Tatizo hili lina historia yake hapa kwetu. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliamua kuanzia miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali, shule na posho ya unga. Baada ya kutaifishwa mwaka 1967, kampuni ya serikali iliyoirithi, Gécamines, iliendeleza utaratibu huo. Ndiyo maana watu wa Katanga walisema: kazi njo baba, njo mama. Katika nyumba ya namna hiyo mtu angeweza kuzeeka bila kujua bei ya chakula cha mwezi mzima, kwa sababu hakuwa akikinunua.

Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, vurugu za kisiasa zikafuata, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji haukufika hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Mishahara ikachelewa, kisha ikakatika kwa miezi mingi. Posho ikapotea, lakini bukari, yaani ugali, ilibaki kuliwa kila jioni. Mkopo wa dukani ukachukua nafasi ya posho, na mkopo wa riba ukachukua nafasi ya hospitali na shule ya kampuni.

Kisha ukaja mwaka 2003. Kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wakidai mishahara ya zaidi ya miaka 2. Walipewa fedha kwa mkupuo mmoja, na malalamiko juu ya hesabu ile yaliendelea kwa miaka mingi. Lakini kuna upande mwingine wa jambo hilo unaotuhusu hapa. Mtu aliyeishi muda mrefu bila mshahara alipokea fedha ambayo tayari ilikuwa na wenyewe: wadai wa duka, wadai wa riba, karo, paa la nyumba, na ndoto ya kuanza biashara. Vyote vilikuja siku moja. Asiyekuwa na mpangilio kabla ya siku ile hakuwa na nafasi ya kuutunga siku ile. Hilo ndilo somo la kwanza: mpango wa kulipa madeni huandikwa fedha ikiwa bado haijafika, kwa sababu ikishafika kila mdai ana haki na kila haki ina sauti.

Bei 3 za deni

Watu wengi huyapima madeni kwa ukubwa: hili ni kubwa, hili ni dogo. Kipimo hicho hakitoshi. Cha kupima ni gharama ya kulichelewesha deni kwa mwezi mmoja, na gharama hiyo ina sura 3.

Sura ya kwanza ni riba. Katika Kongo mkopeshaji wa mtaani huitwa Banque Lambert. Jina hilo lilikuwa la benki ya kweli ya Ubelgiji, iliyoungana na Banque de Bruxelles mwaka 1975. Benki ikapoteza jina lake, sisi tukalihifadhi mitaani. Riba yake huhesabiwa kwa mwezi, na inaweza kufika nusu ya fedha iliyokopwa. Desturi yake ngumu kuliko zote ni hii: unalipa riba kila mwezi, na deni lenyewe linabaki palepale mpaka siku utakaporudisha fedha yote kwa pamoja. Dar es Salaam mikopo ya jamii hiyo imepewa jina la kausha damu, na aliyelitunga hakukosea.

Sura ya pili ni kitu kinachoweza kupotea. Karo haina riba, lakini mtoto anarudishwa nyumbani. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bure tangu Septemba 2019. Sekondari bado inalipiwa. Kodi ya nyumba haina riba, lakini mwenye nyumba ana ufunguo. Deni lililowekewa rehani ya cherehani, baiskeli au friji linaweza kuondoka na chombo kinacholeta chakula.

Sura ya tatu ni uaminifu. Aliyekwisha kupokea zamu yake katika likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, kisha akaacha kutoa mchango, hadaiwi na mtu mmoja. Anadaiwa na kikundi kizima, na habari zake zitafika kwenye kila kikundi cha mtaa. Mwenye duka akifunga daftari, nyumba inapoteza unga wa siku mshahara utakapochelewa tena. Gharama hii haionekani kwenye hesabu ya mwezi, lakini kwa watu wasiokuwa na benki, uaminifu ndio akiba yao.

Njia zinazojulikana

Njia ya hodi tumeshaiona. Kasoro yake ni kwamba inamlipa mwenye sauti, na mwenye sauti si lazima awe mwenye deni la gharama kubwa.

Njia ya pili ni kumpa kila mdai kidogo. Inaonekana ya haki na inapunguza aibu. Si ya maskini peke yao. Mwaka 2019 wachumi John Gathergood, Neale Mahoney, Neil Stewart na Joerg Weber walionyesha kwamba nchini Uingereza wenye kadi kadhaa za mkopo hugawa malipo kulingana na ukubwa wa kila deni, bila kuangalia riba ipi ni kali. Huko Uingereza kosa hilo linagharimu kiasi cha kuvumilika. Kwetu ni ghali mno, kwa sababu tofauti kati ya riba ya Banque Lambert na deni la ndugu lisilo na riba ni kubwa mara nyingi zaidi. Tena Banque Lambert haipokei mtaji vipande vipande: dola 10 ulizompa leo anaziita riba, na deni linabaki kama lilivyokuwa.

Njia ya tatu ni kumaliza deni dogo kwanza. Wahasibu huibeza, lakini ina ushahidi. David Gal na Blakeley McShane walichunguza mwaka 2012 kumbukumbu za Wamarekani waliokuwa wakipambana na madeni, wakaona kwamba waliofunga madeni mengi kwa idadi walielekea zaidi kuyamaliza yote, hata kama yaliyofungwa yalikuwa madogo. Huko Singapore, Qiyan Ong, Walter Theseira na Irene Ng waliwafuatilia watu 196 wa kipato kidogo waliolipiwa madeni yao sugu na shirika la hisani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wasiwasi wa watu hao ulipungua na walifikiri kwa utulivu zaidi. Na kilichosaidia hasa ni idadi ya madeni yaliyokwisha kuliko kiasi cha fedha. Mzigo wa deni uko mfukoni na uko kichwani, na mtu mwenye wadai 5 kichwani anakosea hata hesabu rahisi.

Njia ya nne ni kuanza na riba kubwa. Kwa hesabu hakuna inayoishinda. Udhaifu wake ni kwamba inamtaka mtu avumilie miezi kadhaa bila kuona deni hata moja likifungwa, na wakati huo wadai wengine hawalali.

Nyumba moja, madeni 5

Tuchukue mfano wa kutunga. Baba ni mwalimu, mama anauza samaki wa ziwa Tshangalele. Wana deni la Banque Lambert la dola 80, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, yaani dola 24. Wana mkopo wa shirika la mikopo midogo wa dola 300, unaolipwa dola 35 kwa mwezi kwa miezi 10. Dukani wanadaiwa dola 30, shuleni dola 40, na kwa yaya wa mama, kaka yake mkubwa, dola 120 zisizo na tarehe. Jumla ni dola 570. Kila mwezi wakijibana wanapata dola 95 za madeni. Wakitoa 35 za shirika na 24 za riba, zinabaki 36. Ushindi wote umo katika hizo 36.

Wakianza na madeni madogo, mwezi wa kwanza wanamaliza duka, mwezi wa pili wanamaliza shule, kisha wanaanza kukusanya dola 80 za Banque Lambert. Wanazifikisha mwezi wa 5. Wakati huo wameshatoa dola 120 za riba kwa mkopo wa dola 80.

Wakianza na Banque Lambert, wanaweka 36 mwezi wa kwanza na 36 mwezi wa pili, na mwezi wa tatu wanairudisha yote. Riba waliyolipa ni dola 72. Kuanzia mwezi wa 4 zile dola 24 ni zao, na mwezi huohuo wanamaliza duka na shule kwa pamoja. Wameokoa dola 48, ambazo ni zaidi ya karo iliyokuwa ikiwanyima usingizi. Lakini kwa miezi 3 mwenye duka hajapata kitu. Je, atakubali?

Hapa ndipo penye funzo kuu la mfano huu. Wakimlipa mwenye duka dola zake 30 zote mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu watakuwa na dola 78 mkononi. Pungufu ni dola 2, na kwa dola 2 hizo watalipa riba ya mwezi mwingine mzima, dola 24. Lakini wakimwendea mwenye duka na dola 28 na kumwambia, “Mzee, mbili zimebaki, tutazileta mwezi wa nne,” mwezi wa tatu wanazo 80 kamili. Mwenye duka amepata karibu fedha yake yote mapema, daftari halikufungwa, na Banque Lambert imetoka nyumbani kwa wakati uleule kana kwamba walianza nayo. Mazungumzo ya dola 2 yameokoa dola 24.

Kwa hiyo wanaobishana kati ya deni dogo kwanza na riba kubwa kwanza wanaliacha jambo la tatu, nalo linazipita zote mbili: kuongea mapema na mdai asiyetoza riba. Uvumilivu wake ndio mkopo wa bei nafuu kuliko yote iliyopo Likasi. Tunautumia vibaya kwa sababu tunamkwepa njiani badala ya kumtembelea na sehemu ya fedha yake. Shule nayo huendewa kabla ya siku ya kurudisha watoto, si baada yake. Na kama mtihani wa mwisho uko karibu na shule haikubali kungoja, karo inapanda hadi nafasi ya kwanza. Mwaka wa mtoto una gharama kubwa kuliko mwezi wa riba.

Faranga na dola

Kuna hatari moja ambayo vitabu vya nchi nyingine havina sababu ya kuizungumzia. Wengi wetu tunalipwa kwa faranga na tunadaiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2016 dola 1 ilikuwa chini ya faranga 1,000. Mwaka 2018 ilikuwa imepita 1,600. Aliyekuwa na deni la dola 100 lisilo na riba yoyote, na mshahara wa faranga usiopanda, aliona deni lake likiongezeka kwa zaidi ya nusu bila mkopeshaji kusema neno. Kwa hiyo madeni 2 yakilingana kwa riba, litangulie la dola kama kipato ni cha faranga. Na sehemu ya mshahara iliyotengwa kwa deni la dola ibadilishwe mapema, isikae nyumbani kungoja siku ya kulipa.

Mkopo wa kuua mikopo

Wengine wanauliza: kwa nini wasikope benki wakawalipa wadai wote siku moja? Tangu 2011, serikali ilipoanza kuwalipa watumishi wake kupitia benki, njia hiyo imekuwa wazi zaidi kwa mwalimu au muuguzi. Kwa hesabu inafaa: dola 80 kwa asilimia 3 kwa mwezi zinatoza dola 2 na senti 40 badala ya 24. Lakini inafaa kwa sharti moja, kwamba mlango wa Banque Lambert ufungwe kweli. Anayeulipa mkopo wa benki kwa kukatwa mshahara, kisha mwezi wa pili akarudi kwa mkopeshaji wa mtaani kwa kuwa mshahara umebaki mfupi, ana madeni 2 mahali pa moja. Kabla ya kusaini, hesabu nyumba itakula nini kwa mshahara uliokatwa.

Tanzania kuna wakopeshaji wanaoshikilia kadi ya benki ya mdaiwa pamoja na namba yake ya siri. Popote jambo hilo lilipo, deni hilo litangulie yote hata kama riba yake si kali, kwa maana aliyeshika kadi ndiye anayepanga orodha ya malipo, na mpango wako hauna kazi.

Sheria ya Kenya nayo ina kipimo kizuri cha kujifunza. Kifungu cha 44A cha sheria ya mabenki kinazuia benki kudai riba inayozidi deni lilivyokuwa siku mkopaji alipoacha kulilipa. Banque Lambert haifuati sheria ya Nairobi. Lakini anayeandika kila riba aliyotoa anaweza kuketi mbele ya mkopeshaji, ikiwezekana pamoja na mzee wa mtaa, na kumwonyesha: nilichukua 80, nimekupa 120, bado unanidai 80. Wapo wanaolegea mbele ya hesabu iliyoandikwa. Mbele ya machozi hawalegei.

Maji yaleyale

Tuende sasa Koni. Mto Lufira ulizuiliwa Mwadingusha, na kituo cha umeme cha hapo kilianza kazi mwaka 1930. Miaka 20 baadaye, mwaka 1950, kilifunguliwa kituo cha Koni, kilomita chache chini yake, chenye uwezo wa megawati 42. Koni haihitaji mto wa pili. Maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya Mwadingusha hayapotei. Yanateremka na kufanya kazi tena.

Njia yoyote ya kulipa madeni, ya riba au ya deni dogo, inafaulu au inashindwa kwa jambo hilo moja. Dola 24 zilizokuwa zikienda kwa Banque Lambert zikirudi mezani na kuliwa, nyumba imefunga deni moja tu. Zikiungana na zile 36, zinakuwa 60, na zinateremka kwenye deni linalofuata. Katika mfano wetu, mwezi wa 4 duka na shule vinakwisha. Mwezi wa 6 yaya anapewa dola zake 120 zote. Kuanzia mwezi wa 7 dola 95 nzima zinaukabili mkopo wa shirika, ambao unaweza kufungwa kabla ya mwezi wa 10 kama mkataba unaruhusu kulipa mapema. Kipato hakikuongezeka hata senti.

Mto ule unafundisha jambo moja zaidi. Mwadingusha ina ziwa nyuma yake, ndiyo maana mitambo haisimami mvua zinapokatika. Nyumba inayomwaga kila senti kwenye madeni bila kubakiza kitu itasimama siku ya homa ya kwanza, na itarudi kwa mkopeshaji yuleyule. Kwa hiyo likelemba isikatwe, hata katika miezi migumu. Ipunguzwe kiasi, si kuachwa. Banque Lambert ikishalipwa, dola chache za kila mwezi ziwekwe pembeni kabla ya kuzigawa nyingine.

Kinachobaki ni karatasi moja yenye mistari: jina la mdai, kiasi, faranga au dola, riba ya mwezi, na kitakachopotea nikichelewa. Iandikwe na mume na mke pamoja, kwa sababu deni lililofichwa ndani ya nyumba ndilo linalovunja mpango. Asiyetoza riba aendewe mapema na sehemu ya fedha yake. Anayetoza riba kali akusanyiwe mtaji wake kwa siri na kwa haraka. Kila deni likifungwa, fedha yake iteremke kwenye lile la chini yake.

Ukifika mwezi wa 6, nenda kwa yaya, yule ambaye hakuja kudai hata mara moja na ambaye kila mwezi aliambiwa angoje. Beba fedha yake yote, nenda asubuhi mapema. Safari hii anayepiga hodi ni wewe.